SOMO: CHAKULA CHA KUNUNUA TAYARI – JE, BEI YAKE NI YA HAKI?



Katika somo hili tutazungumzia jambo linalomgusa kila mmoja wetu kila siku ya kazi, nalo ni bei ya chakula tunachonunua kikiwa kimekwisha kupikwa: chapati, bajia, mkate, samaki wa kukaanga, na hata piza ambayo vijana wetu huinunua wakifika Pemba na mshahara mfukoni. Swali letu ni moja. Je, bei tunayolipa inalingana na kile tunachopewa mkononi?

Tumelichagua somo hili kwa sababu. Mahali pamoja pa kazi katika pwani yetu ya kaskazini, wafanyakazi walikasirika. Walisema chapati zinazouzwa langoni zimekuwa ndogo, na kwamba akina mama wanaoziuza ni wanyonyaji. Likatolewa shauri kuwa akina mama hao wasusiwe, tena waondolewe kabisa pale langoni. Sisi wa kamati ya chama tuliomba jambo moja tu: kabla ya kumfukuza mtu, kwanza tupige hesabu. Hesabu hiyo ndiyo somo la leo. Tumezirahisisha tarakimu ili kila mtu azifuate. Kila kikundi cha masomo kiweke bei za sokoni kwake mahali pa bei zetu.

1. USINUNUE JINA, USINUNUE KWA MACHO

Tuanze na piza, kwa kuwa inafundisha vizuri. Kwa ndugu wasioijua, piza ni mkate bapa wa duara wa unga wa ngano. Hupakwa rojo la nyanya, huwekwa jibini juu yake, kisha huokwa katika tanuri kali. Asili yake ni mji wa Napoli, Italia, na zamani ilikuwa chakula cha maskini kilichouzwa barabarani. Tusiichanganye na piza ya Zanzibar inayouzwa Forodhani. Hiyo ni unga uliotandazwa mwembamba, ukajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa juu ya chuma. Jina ni moja, vitu ni viwili. Mtu anayelipia jina hajui alicholipia.

Sasa tuseme duka linauza piza za namna mbili. Ndogo ina upana wa sentimita 20, nayo ni metikali 300. Kubwa ina upana wa sentimita 30, nayo ni metikali 540. Ipi ina nafuu?

Wengi watajibu upesi: “Kubwa imezidi kwa nusu tu, 20 na 30. Basi ingekuwa metikali 450. Hii 540 ni wizi.” Jibu hilo si sahihi. Kitu cha duara hakipimwi kwa upana peke yake, kwa sababu kikiongezeka upana kinaongezeka pande zote. Njia nyepesi ya kulinganisha vitu viwili vya duara ni kuzidisha upana wa kila kimoja kwa upana huo huo:

Ndogo: 20 mara 20 ni 400.
Kubwa: 30 mara 30 ni 900.

Kwa hiyo kubwa si moja na nusu ya ndogo, bali ni mbili na robo. Tugawe bei sasa. Metikali 300 kwa 400 ni senti 75 kwa kila fungu. Metikali 540 kwa 900 ni senti 60. Piza kubwa ina nafuu. Wafanyakazi wanne wakichanga metikali 135 kila mmoja na kununua kubwa moja, watakula zaidi ya wanne walionunua ndogo mbili kwa metikali 600. Huo ni ushirika mdogo, lakini ni ushirika.

Tuangalie jambo moja hapa. Hesabu hii ni kweli iwapo unene ni ule ule na vilivyowekwa juu ni vile vile. Ikiwa moja ni nene na nyingine ni nyembamba kama karatasi, upana hautasema kweli. Hapo dawa ni mizani.

2. BEI INAYOPANDA BILA KUPANDA

Turudi langoni, kwenye chapati. Kwa muda mrefu chapati iliuzwa metikali 15, na siku ya malalamiko bei ilikuwa bado ni 15. Akina mama walisema: “Sisi hatukupandisha bei.” Wafanyakazi walisema: “Mmetupunja.” Nani alisema kweli?

Tulichukua rula. Chapati ya zamani ilijaa sahani ya sentimita 20. Chapati ya sasa ilikuwa na sentimita 18. Tofauti ni sentimita mbili, kama upana wa kidole gumba, na kwa macho ni kitu kidogo. Lakini tuzidishe:

Ya zamani: 20 mara 20 ni 400.
Ya sasa: 18 mara 18 ni 324.

Zimepungua 76 katika 400, yaani karibu sehemu moja ya tano. Mtu aliyekuwa akila chapati tano sasa anakula nne na kulipa bei ya tano. Kwa maneno mengine, bei imepanda kwa asilimia 23 na kitu, ingawa hakuna aliyetangaza. Hivyo tumbo la mfanyakazi halikudanganya. Lalamiko lilikuwa la kweli.

Jambo hili haliko kwenye chapati peke yake. Mkate wa dukani unaweza kupunguzwa uzito na kubaki na umbo lile lile, kwa kuwa mkate ulioumuka sana hujaa hewa. Ndiyo maana wakaguzi wa INAE, idara ya serikali inayokagua shughuli za uchumi, hupima uzito wa mikate wanapokagua matanuri. Sabuni hupunguzwa, biskuti hupunguzwa, kipimo cha mafuta hupunguzwa. Mfanyakazi aliyezoea kuuliza “bei gani?” peke yake hataliona. Inambidi aulize pia “kiasi gani?”

3. FUNGUA HESABU YA MUUZAJI

Lakini kujua kwamba tumepunjwa hakutoshi. Lazima tujue kile kilichopungua kimekwenda wapi. Basi tulimwomba mama mmoja wa pale langoni aketi nasi, naye alikubali kutufungulia hesabu yake ya siku. Anapika kilo tatu za unga:

Unga kilo 3, kwa metikali 80: 240
Mafuta ya kupikia: 110
Mkaa: 50
Chumvi na sukari: 10
Ushuru wa soko wa siku: 10
Jumla ya gharama: metikali 420

Kilo tatu zinampa chapati 36. Akiziuza zote kwa metikali 15 anapata 540. Ondoa 420, anabaki na metikali 120.

Ili apate hizo 120, mama huyu anaamka saa 10 alfajiri kukanda na kusukuma, na anaondoka langoni saa 4 asubuhi. Hizo ni saa 6. Gawa 120 kwa 6, utapata metikali 20 kwa saa. Hatukuhesabu kuni za kuchemshia chai, wala mtoto mgongoni, wala siku ya mvua ambayo chapati hubaki.

Kisha tukauliza swali la pili. Kama angeendelea na chapati ya sentimita 20 kwa bei ile ile, ingekuwaje? Unga uleule ungetoa chapati 29 tu. Chapati 29 kwa metikali 15 ni 435. Ondoa gharama 420, anabaki na metikali 15. Kumi na tano! Saa sita za kazi kwa thamani ya chapati moja.

Hapo chumba kizima kilinyamaza. Mama huyu alikuwa amepunguza chapati baada ya unga na mafuta kupanda, kwa sababu alijua akitaja bei mpya wateja wangemkimbia. Hatusemi kupunguza kimya kimya ni vizuri. Ingefaa aseme wazi. Lakini ile sehemu ya tano iliyopotea haikuingia mfukoni mwake. Ilipita mikononi mwake tu, ikaenda kwa aliyemuuzia unga.

Kulikuwa na jambo jingine pia, nalo lilituhusu sisi. Wengi wetu hula kwa mkopo hadi siku ya mshahara. Wateja watano wakichukua chapati moja moja wasilipe, metikali 75 zimetoweka, na mama amebaki na 45. Huko Napoli, baada ya vita vya 1939 hadi 1945, walikuwapo akina mama waliouza piza ya kukaanga milangoni mwa nyumba zao kwa masharti ya kula leo na kulipa baada ya siku nane. Maskini walipata chakula kwa sababu maskini wenzao waliwaamini. Akina mama wa langoni wanafanya vivyo hivyo. Anayekula kwa mkopo asilipe anamwibia mtu anayepata kidogo kuliko yeye.

4. NA PIZA JE?

Tulipata kwamba piza kubwa moja, metikali 540, ni sawa na chapati zote 36 za mama wa langoni. Unga ulio katika piza hiyo haufiki nusu kilo. Je, huo si unyonyaji?

Tusikimbilie kujibu. Ndani ya bei ya piza mna jibini, ambalo ni ghali, mna nyanya, umeme au kuni za tanuri, pango la nyumba, boksi la karatasi na mshahara wa wapishi. Ikiwa duka limesajiliwa kulipa kodi ya IVA, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 16, basi katika kila metikali 116 unazolipa, 16 zinakwenda serikalini. Kinachobaki baada ya hayo yote ni faida ya mwenye duka. Mwenye duka hatatufungulia daftari lake kama mama alivyofanya. Lakini lipo swali tunaloweza kuuliza, tena jibu lake linapatikana jikoni: huyu anayekanda unga na huyu anayebeba boksi wanalipwa kiasi gani? Duka linalouza kwa bei ya juu na kuwalipa wapishi wake chini ya kiwango cha sheria, bei yake si ya haki, hata kama piza ni tamu. Duka linalowalipa vizuri linaweza kuwa ghali na bado bei yake ikawa ya haki.

Kwa hiyo, ghali na dhuluma si neno moja, na rahisi na haki si neno moja.

5. KIPIMO CHA KWELI NI SAA ZA KAZI

Mfanyakazi hana metikali za bure. Kila metikali aliyo nayo ameinunua kwa saa za mwili wake. Kwa hiyo bei ya kitu tuigeuze kuwa saa.

Tuseme mfanyakazi analipwa metikali 6,500 kwa mwezi, kwa siku 26 za saa 8. Kwa siku ni metikali 250. Kwa saa ni metikali 31 na senti 25. Kiwango cha chini cha mshahara nchini hutofautiana kutoka sekta moja hadi nyingine, tena hubadilishwa, kwa hiyo kila ndugu atumie hati yake mwenyewe ya mshahara.

Piza kubwa ya 540 ni zaidi ya saa 17 za kazi, yaani siku mbili nzima na zaidi ya saa moja ya siku ya tatu. Hatusemi mfanyakazi asile piza. Akitaka kuwafurahisha watoto wake, ni jasho lake. Tunasema ajue.

Sasa tazameni chakula cha kila siku. Chapati mbili ni metikali 30, maharage metikali 20, jumla 50. Hiyo ni saa 1 na dakika 36. Kwa siku 26 ni metikali 1,300, sawa na sehemu moja ya tano ya mshahara wote. Ndugu, mfanyakazi wa mfano wetu anafanya kazi saa moja na nusu na zaidi kila siku ili apate nguvu za kufanya kazi saa zilizobaki, na bado hajapeleka hata kikombe cha unga nyumbani.

Hapa ndipo lilipo jibu la somo. Chapati ya langoni, kwa kile tunachopata, si ghali. Imekuwa ghali kwa mshahara wetu. Hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya atapigana na mama wa chapati badala ya kwenda mezani na mwajiri.

6. BEI INATOKA MBALI

Kwa nini unga ulipanda? Msumbiji hununua karibu ngano yake yote kutoka nje. Vita vilipozuka Ukraine mwaka 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote. Kwetu Cabo Delgado tumeongezewa na vita vyetu wenyewe, vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 1987? La, ndugu, si vita vile vya zamani: ni tarehe 5 Oktoba 2017. Barabara zikifungwa, unga hupita baharini au kwa njia ya mzunguko, na kila mkono unaopokea gunia unaongeza chake. Watu wa Palma wanakumbuka miezi ya mwanzo ya 2021, barabara ilipokatika na chakula kikawa adimu, hata kabla ya shambulio la tarehe 24 Machi.

Tunakumbuka pia Septemba 2010. Bei ya mkate, maji na umeme ilipopandishwa, watu wa Maputo na Matola waliingia barabarani tarehe 1 mwezi huo, na zaidi ya watu kumi walikufa. Tarehe 7 serikali ilitangaza kuwa bei ya mkate haitapanda tena. Bei ilirudishwa, lakini waliokufa hawakurudi. Chama kinachopiga hesabu mapema na kuzungumza mapema kinaokoa maisha.

7. SHERIA INASEMA NINI

Wazee wetu waliovuka Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika walilijua posho, na walilijua duka la kukopesha ambalo lilimeza mshahara kabla haujafika mkononi. Kwa sababu ya mambo kama hayo, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 95 mwaka 1949. Mkataba huo unasema mfanyakazi asilazimishwe kununua katika duka la mwajiri, na pale ambapo hakuna duka jingine la kuendea, bidhaa ziuzwe kwa bei ya haki na ya kiasi.

Hapa nchini, Sheria ya Kazi namba 23 ya mwaka 2007 iliruhusu sehemu ya mshahara itolewe kwa vitu, lakini isizidi asilimia 25, na vitu hivyo vihesabiwe kwa bei ya kawaida ya mahali pale. Sheria namba 13 ya mwaka 2023 imechukua nafasi yake. Kila kikundi kiombe nakala katika ofisi ya chama na kuisoma pamoja. Mwajiri akisema “ninawapa chakula, kwa hiyo nakata mshahara,” tuwe na rula, mizani na bei za sokoni mkononi.

8. TULILOAMUA

Shauri la kuwafukuza akina mama liliondolewa. Yaliamuliwa mambo manne.

Kwanza, chapati irudi sentimita 20 na bei itajwe wazi, metikali 18, ili kila mtu ajue analipia nini. Kwa unga wa kilo tatu, chapati 29 zinampa mama 522, naye anabaki na 102. Pili, mikopo yote ilipwe siku ya mshahara, na mwakilishi wa kila idara asimamie. Tatu, akina mama wanunue unga kwa pamoja, kwa gunia. Gunia la kilo 25 kwa metikali 1,750 ni metikali 70 kwa kilo badala ya 80, na hizo 30 anazookoa mama kwa siku zinamrudisha juu ya 120, hadi 132. Nne, kamati ipeleke kwa mwajiri hesabu ya saa 1 na dakika 36, na kudai chakula cha mchana au fedha ya chakula isiyokatwa kwenye mshahara.

Mambo matatu ya kwanza yalikuwa mikononi mwetu, na yalianza wiki ile ile. La nne linahitaji umoja wa wote, nalo bado liko mezani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Chapati ya sentimita 24 inauzwa metikali 25, na ya sentimita 20 metikali 18. Ipi ina nafuu? Onyesheni hesabu.
2. Pimeni mkate mnaonunua kwa siku saba mfululizo. Je, uzito ni ule ule?
3. Gawanyeni mshahara wenu kwa saa. Chakula cha siku moja kazini kinakula dakika ngapi?
4. Mwiteni muuzaji mmoja wa chakula mketi naye kwa heshima. Anabaki na kiasi gani kwa saa? Ni zaidi yenu au ni chini yenu?
5. Nani kati ya mwenye unga, mwenye gari, mwenye duka, mama na mwajiri anaweza kubadili hali hii, na tumwendee vipi?

Majibu yaletwe kwa mwakilishi wa idara kabla ya kikao kijacho. Njooni na rula.